Sauti ya Mama Mikononi mwa Fundi

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kuwatafutia watu mafundi ambao sijawahi kuwaona. Mwenye duka la manukato pale mtaa wa Kuze, hapa Mombasa, anataka tovuti. Mwenye kukodisha viti na mahema anataka tovuti. Madrasa inataka ukurasa wa kuandikishia watoto. Hawana haja ya kujua vitu hivyo hutengenezwa vipi. Wananiambia mimi, nami naingia kwenye jukwaa la kazi za mtandaoni, naeleza kinachotakiwa, na kabla chai yangu haijapoa mafundi wameshajipanga kutoka kila pembe ya dunia, kila mmoja akiapa kwamba kazi kama hiyo ndiyo aliyozaliwa kuifanya. Nachagua mmoja, namsimamia, nampa mwenye duka tovuti yake. Mtaani wakiniuliza nafanya nini hasa, nasema mimi ni dalali. Zamani nililisema neno hilo kwa kujitapa. Siku hizi kazi yenyewe naifanya bila moyo, na nataka kueleza kwa nini.

Mafundi hawa wamenitoa jasho. Kulikuwa na mmoja, wa nchi ya mbali, aliyeipamba tovuti ya yule muuza manukato kwa picha za bilauri za mvinyo, maana kwao, aliniambia, harufu nzuri na mvinyo huenda pamoja. Muuza manukato ni mtu wa swafu ya mbele msikitini. Alinipigia simu akazungumza kwa upole mwingi sana, na hapo nikajua amekasirika kweli. Mwingine alitoweka katikati ya kazi ya madrasa, Ramadhani ikaingia ikatoka, kisha akarudi kuendelea na mazungumzo yetu pale pale tulipoishia, kama mtu aliyekuwa ametoka kunawa mikono tu.

Kutokana na adha hizo nikajiwekea kipimo changu. Sikutazama nyota ambazo fundi amepewa na wateja wake, wala vyeti vyake, kwa sababu vyote hivyo nimeona vikidanganya. Nilitazama salamu. Kila tangazo la kazi nililoliweka lilianza kwa salamu kamili, na fundi aliyerukia bei bila kuijibu nilimpita. Wenzangu wa bara wanaofanya udalali kama wangu walinicheka, wakasema natafuta mchumba au fundi. Lakini kwetu mtu akikubishia hodi hujamjibu ukaanza kumuuliza amekuja na nini, huyo atajua mara moja nyumba aliyoingia ni ya watu gani. Niliona fundi naye apimwe hivyo hivyo, na kwa muda mrefu kipimo kile kilinifaa.

Sasa nimseme mamangu. Mamangu alikuwa somo. Bibi harusi wa mtaa wetu, Kibokoni, hatolewi nyumbani kwao hivi hivi. Kabla ya siku yake wanawake hukusanyika chumba cha ndani, mlango ukafungwa, wakamsinga, yaani kumsugua mwili, kwa liwa, unga wa msandali, na maji ya mawaridi, na huku wanamsinga wanamwimbia. Nyimbo hizo ni mafunzo. Zipo za kumfundisha namna ya kukaa na mavyaa, mama wa mumewe, zipo za kumfundisha kuzuia ulimi, na zipo nyingine ambazo mimi, mwanamke mzima mwenye watoto, nikizikumbuka bado naangalia chini. Anayeziongoza ni somo, na kwa zaidi ya nusu ya umri wake mamangu ndiye aliyekuwa akiitwa. Sauti yake haikuwa nyororo. Ilikuwa nene, yenye mkwaruzo kidogo, na alipotoa ubeti wa kwanza chumba kizima kilinyamaza, hata wale waliokuja kwa ajili ya kula tu.

Masomo wenzake walikuwa wakifa mmoja mmoja. Watoto wa kike wa mtaa wetu wameolewa Dubai, Uingereza, Kanada, na sasa binti zao nao wanaolewa huko huko. Wakawa wanampigia mama simu kumuuliza ubeti wa pili waanzaje, wa tatu waishiaje. Mama alikuwa akiwafukuza kwanza wanaume wote chumbani, wajukuu na wakwe, na siku moja tulipomtania hata paka dume akamfukuza, ndipo akaimba kwenye simu kwa sauti ya chini. Nilimtazama akifanya hivyo, nikaingiwa na hofu. Nilijua kwamba nyimbo zile zilikuwa zimebaki kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na shinikizo la damu na alisahau kumeza dawa.

Nikamwambia wazo langu. Tutengeneze tovuti. Nitamrekodi akiimba wimbo mmoja mmoja mpaka mwisho, maneno tutayaandika chini yake, na mlango wake tutaufunga kwa neno la siri. Mwanamke hataingia mpaka mwanamke mwingine tunayemjua amtolee dhamana. Mama alikataa. Nikarudi, akakataa. Nikamleta binamu yake amsemeze, akatukataa sote wawili na mdomo akaubinua. Mwishowe, baada ya kuzikwa somo mwenziwe wa mwisho, akaniita mwenyewe akaniketisha kitandani pake.

“Haya ni maneno ya ndani, mwanangu,” akanambia. “Ukipata mke wa kuifanya hiyo kazi, nitaimba. Usipompata, ziwate zende na mimi. Mume asizisikie.”

Kwa mama, mke ni mwanamke yeyote na mume ni mwanamume yeyote. Hilo ndilo lililokuwa sharti lake, na hakuwa na jingine.

Mafundi wa kike si wengi kwenye jukwaa lile, na wa kike anayejua Kiswahili ni wa kutafuta kwa tochi. Niliweka tangazo langu kwa Kiswahili kitupu, nikaeleza kwamba hizi ni nyimbo za wanawake za faragha na kwamba kazi ni ya mwanamke peke yake. Waliojibu kwa Kizungu niliwapita. Kisha likaja jibu moja lililoanza, “Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dadangu. Mwaonaje hali zenu? Wazee hawajambo?” Bei haikutajwa mpaka mwisho wa barua, tena kwa haya. Picha ilikuwa ya msichana aliyevaa buibui, uso mwembamba, macho ya upole. Na makao yake yalikuwa Mombasa hapa hapa. Niliona Mungu ameniletea mtu mlangoni.

Fundi mwingine yeyote ningemwambia afungue kamera tuonane kabla ya kumpa kazi. Ndiyo desturi yangu. Lakini huyu nilipomdokezea aliniomba radhi, akasema hapendi kuonekana kwenye kamera, nami nikaona aibu kwa kumwomba. Msichana mwenye kujisitiri utamlazimishaje ajionyeshe? Nilimheshimu zaidi kwa kukataa kwake. Mama nilipomweleza alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema huyo ni mtoto aliyelelewa.

Tukaanza kurekodi. Tulikuwa tukifunga madirisha baada ya alasiri, kabla adhana ya magharibi haijaanza kupokezana misikitini, mama anakaa juu ya kitanda chake na mimi mkekani, simu nimeiweka juu ya mto baina yetu. Hakuanza kuimba mpaka afukize udi, na nilipomwambia udi hauingii kwenye simu alinambia niimbe mimi basi. Mara nyingine alikatisha wimbo ili anieleze ulitungiwa nani, na kwa nini bibi harusi huyo aliolewa kwa hasira. Mara moja alifika ubeti ambao mamake alimwimbia yeye, akashindwa kuendelea, tukalia sote wawili kisha tukacheka kwa kujiona tulivyo. Sikuwahi kuwa karibu naye kiasi kile tangu nilipokuwa mdogo wa kubebwa.

Kila wimbo uliokamilika nilimpelekea fundi. Kazi yake ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kununua. Alipanga nyimbo kwa mpango ule ule wa singo, yaani kule kusinga, kuanzia ya kumkaribisha bibi harusi mpaka ya kumfunika leso, bila mimi kumwambia zaidi ya mara moja. Pale ambapo maneno niliyoandika yalikuwa na utata aliniuliza kwa adabu. Pembeni mwa ukurasa alichora kikuba cha asmini, kishada cha maua wanachovaa wanawake, kidogo tu, kisipige kelele. Mama alikiona kwenye simu yangu akakigusa kwa kidole. Tangu siku ile katika dua zake za baada ya sala msichana yule alitajwa pamoja na sisi wanawe, na kila jioni niliulizwa hajambo, ameolewa, yuwala vizuri?

Kisha mama akanunua leso ya kujifunga. Kwetu mtu akikufanyia kazi ya mkono kwa moyo wake, malipo hayatoshi, utampa na kitu cha kuvaa. Alikwenda mwenyewe mpaka dukani, na magoti yake mabovu, akachagua leso ya rangi ya zambarau, akaikata, akaipinda kingo kwa mkono, akaifukiza. Akanipa nimpelekee mtoto wa watu. Nikamwandikia fundi aniambie anakaa wapi. Akasema nisijisumbue. Nikamwambia si mimi, ni mama. Mama naye hakunipa nafasi, kila nikiingia nyumbani leso iko juu ya meza na macho yake yako kwangu. Nikamwandikia tena fundi kwamba mzee atavunjika moyo, anipe japo jina la mtaa tu.

Jibu lake lilikuja mchana, niko dukani nanunua vitunguu.

“Dada, leso ile siwezi kuipokea. Mimi si mwanamke. Naomba mnisamehe.”

Alieleza chini yake. Akaunti ilikuwa ya dadake, ambaye aliolewa akaacha kazi hizi. Yake mwenyewe ilikuwa imefungwa na jukwaa, na kwa muda mrefu hakuwa na kazi yoyote. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Buxton. Ningeweza kutoka nyumbani kwa miguu na kufika kwake kabla kitambaa changu cha kichwa hakijaloa jasho. Aliniandikia namba yake ya simu, akasema nikitaka kumtukana nimpigie, atasikiliza. Niliweka vitunguu chini, nikatoka nje ya duka, nikasimama kichochoroni bila kujua niendako.

Ningeweza kumficha mama. Nilijadiliana na nafsi yangu njia nzima. Ningeitia leso kabatini kwangu, ningesema imepokewa, ameshukuru, na tovuti ingefunguliwa, na nyimbo zingekaa. Nilikuwa nimeshayapanga maneno nilipoingia ndani. Lakini mama aliuliza jambo moja tu, kama rangi ya leso imempendeza, na uso wake ulikuwa na furaha nyepesi kama ya mtoto, nikashindwa. Nikamwambia kweli yote.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alilivuta buibui lake lililokuwa begani akajifunika nalo, ndani ya chumba chake mwenyewe, mbele ya binti yake mwenyewe. Nililiona hilo nikataka ardhi inimeze.

“Amezisikia zote?” akauliza.

Nikasema nimemtumia zote.

“Zifute, mwanangu. Zote, na mimi nina mato naona.”

Nilimsihi. Nilimwambia maji yameshamwagika, kuzifuta hakutamfanya yule kijana asiwe amesikia, tunachokipoteza ni zaidi ya tunachokiokoa. Nilimpigia magoti. Akanambia babangu peke yake ndiye mume aliyemsikia akiimba, naye yuko kaburini, na yeye hataki kumkuta huko akiwa na la kujieleza. Nilikaa mkekani pale pale nilipokuwa nikikaa kumrekodi, nikafuta wimbo mmoja baada ya mwingine, pamoja na maneno yake niliyoyaandika, kwenye simu, kisha kwenye kompyuta, kisha kule juu mtandaoni tulikokuwa tumeziweka, na mama ameinama juu yangu akitazama kila kidole changu kinapogusa. Nilimwandikia fundi afute tovuti yote na kila alichonacho. Alianza kuniandikia kitu, nikaona zile nukta za mtu anayeandika zikienda na kurudi. Sikungoja. Nikaifunga kazi. Jukwaa likaniuliza nampa fundi huyu nyota ngapi, nikampa moja, kwa sababu haikuwezekana kumpa pungufu ya hiyo.

Mama aliendelea kuitwa kwenye harusi, lakini akawa hataki kwenda. Alisema ni magoti. Hatukuzungumza tena habari ya nyimbo. Aliishi hivyo mpaka kiharusi kilipomchukua, asubuhi, akiwa anachambua mchele, na hakufika hospitali akiwa hai.

Arubaini ilipita, na baada yake miezi mingi, ndipo binti wa dadangu akaposwa. Tukamfungia mlango chumbani tukamsinga. Shangazi mmoja akatoa ubeti wa kwanza wa wimbo wa kumkaribisha, tukaitikia. Akatoa wa pili. Kwenye wa tatu akasimama, akatutazama. Tukatazamana. Mmoja akajaribu, akaangukia maneno ya wimbo mwingine. Mimi, niliyekaa mkekani nikazisikia zote, niliyeziandika kwa mkono wangu nikazifuta kwa mkono huo huo, nilikuwa na maneno mawili matatu, yaliyobaki hewa tupu. Bibi harusi, masikini, amekaa katikati na liwa mwilini, akatuuliza kama imekwisha. Mtu akawasha simu akaweka taarabu, wasichana wakaanza kucheza, na mimi nikatoka nikaenda kukaa chooni nikaufunga mlango.

Pale pale chooni ndipo nilipoitafuta namba ya yule kijana. Sikuwa nimeifuta, sijui kwa nini. Nikamwandikia kwamba mama ameshafariki. Nikamwambia simlaumu kwa kitu. Kisha nikamwomba, na maombi yale sikuwahi kumwomba mwanadamu mwingine kwa unyonge kiasi kile, kwamba kama siku ile hakutii, kama kwa uvivu au kwa udadisi au kwa ubaya wa moyo alibakisha japo wimbo mmoja mahali popote, anipe. Nilikuwa nimesimamia mafundi miaka na miaka, na wote niliwaombea Mungu wawe waaminifu. Huyu peke yake nilimwombea awe mwongo.

Hakukawia kujibu.

“Poleni sana kwa mama, dada, Mungu amrehemu. Nilifuta siku ile ile mliponambia. Sikubakisha kitu. Nilitaka kuwaambia jambo siku ile mkaifunga kazi. Mimi nyimbo zile sikuzisikiliza. Mlisema ni za wanawake, na mimi pia nina mama. Nilizima sauti tangu mwanzo, nikawa naangalia tu ule mstari wa wimbo kwenye kioo kama watembea.”

Nilimuuliza kama hakusikia hata mmoja, hata mwanzo wake. Akasema hata mmoja, akaomba radhi tena.

Huko chumbani taarabu ilikuwa imepandishwa sauti na mtu alikuwa ananiita nitoke, wageni wanataka kula. Niliisoma barua ile mara nyingine kwa kuwa macho yangu hayakutaka kuielewa. Mama alikufa akiamini kwamba mwanamume asiyekuwa wake alimsikia akiimba, alijifunika buibui mbele yangu kwa ajili hiyo, akaacha kwenda harusini kwa ajili hiyo, na mimi kwa ajili hiyo nilimfuta mwenyewe akinitazama. Sauti yake tuliyoirekodi haikuwa imesikika nje ya chumba kile hata mara moja.